Mtani Hapimwi

Kengele ilipolia kutoka makaburi ya Ifunda, Osmunda Gama hakushtuka. Alimeza kwanza kiazi kilichokuwa mdomoni, akavaa visikilizi, akafungua sauti.

"Mimi humu sitoki!" mwanamume alikuwa akifoka kutoka chini ya ardhi. "Hiki chumba nimeshahamia. Marehemu akalale kwa mkwewe! Na huyo mjane mnayemwona analia, mume wake sasa ni mimi. Mwambieni alete ugali!"

Nyuma yake watu walikuwa wakilia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo mashine haikuwahi kulielewa tangu itengenezwe. Kwenye kioo cha kompyuta ya Osmunda mstari wa kijani wa maneno yake ulikuwa umekatika vipande vipande, na chini yake pameandikwa: Uzi umekatika. Mzungumzaji anadai yumo kaburini. Anadai ni mtu mwingine. Apelekwe kituoni.

"Na kweli yumo kaburini," Osmunda alisema peke yake. Akaandika sababu, utani msibani, akafuta kengele.

"Mngoni huyo?" aliuliza Chesko Kikoti kutoka meza ya pili.

"Mngoni, ndiyo."

"Wangemfukia humo humo tukapumua. Watu gani nyie, mmetoka kusini kwa miguu, mmechoka njiani, mkasema hapa hapa ndipo tulipokuwa tunakuja!"

"Na nyie tuliwakuta mmekaa juu ya mawe mnachunga upepo."

"Heri wa upepo. Nyie mlikuja na mikuki, mkaishia kuolewa na sisi."

Ndivyo walivyofanya kazi hao wawili, Mhehe na Mngoni, watani tangu mababu zao walipochoka kuuana wakaona afadhali watukanane. Katika Kituo cha Uzi cha Iringa wao ndio waliokuwa wasikilizaji wa utani. Kazi hiyo haikuwepo mikoa mingine, na wakubwa wa makao makuu waliona haya kidogo kuieleza kwa wageni.

Kila aliyetimiza miaka kumi na sita aliwekewa punje nyuma ya sikio, kitu kidogo kama ulezi. Punje haikujali unasema nini. Unaweza kuitukana serikali kutwa nzima, yenyewe imetulia. Ilichopima ni namna neno moja linavyolivuta jingine, kwa sababu mtu anayeanza kuugua skizofrenia uzi wake wa maneno huanza kuchakaa mapema, kabla ya sauti masikioni, wakati mama mzazi bado anasema mwanangu ana uchovu tu. Akikamatwa mapema alifungwa fundo. Kilikuwa kidude kinachokaa ndani ya ubongo na kulishika wazo lisiteleze. Vijana waliokuwa wanaanza kupotea walirudi wakasoma, wakaoa, wakazeeka. Hilo lazima lisemwe, maana watu wanaolichukia fundo hupenda kulisahau.

Shida ilikuwa moja. Fundo halikuchagua. Ukimfunga aliye mzima, nalo linashika, na hata pale akili inapotaka kuruka kidogo icheze, halimwachii. Mwaka wa kwanza wa punje, mashine iliwazoa watani misibani kama mchwa. Baba mdogo wa Chesko alikuwa mmojawao. Alirudi nyumbani hana kidonda wala homa, akalima, akala, akasalimia watu vizuri mpaka alipokufa, na mkewe alikuwa akisema yeye alishafiwa zamani.

Watu wakaandamana, na ikapatikana kanuni ambayo wenyewe waliifupisha kwa maneno mawili: mtani hapimwi. Lakini serikali nayo haikutoa hivi hivi. Kanuni ilisema siku atakapopatikana mgonjwa hata mmoja aliyejificha ndani ya utani, msamaha huo utakoma na wote watapimwa upya.

Kengele nyingine ikalia. Osmunda alipoliona jina akatabasamu. Otmar Gama. Mdogo wake.

"Nyavu zinashika maneno," Otmar alikuwa akisema. Alifanya kazi ya kuzishona nyavu za ukungu huko milimani Dabaga, zile zinazokamua maji hewani na kuyashusha mjini. "Mnadhani ni maji? Jana zimeshika jina langu. Nimelikamua likatoka na vitasa. Mlango unajua. Kwa hiyo baba asinywe, kwa sababu Jumanne ni nyekundu." Wenzake walikuwa wakicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Osmunda naye alicheka. Akafuta kengele.

"Ndugu yako ana kipaji," Chesko alisema. "Ungenipa mimi nimtunze, kwenu ataharibika."

Kuna kitu kilikuwa kimembana, na ilimchukua mpaka jioni, akikatiza mtaa wa Mlandege kwenda kwa mama yao, kukijua ni nini. Mtani yeyote, hata yule mbaya kabisa, hutega kicheko kama mtu anayetega kuku. Hurusha neno, hungoja, hutazama nyuso, kisha hurusha jingine. Otmar hakungoja. Watu walicheka juu ya maneno yake na yeye akaendelea tu, sauti ile ile, kama anayesomea ukuta. Na baba yao alikuwa amekufa miaka mingi.

*

"Amerudi kukaa hapa," mama yao, Bi. Winfrida, alisema akipepeta maharage. "Tangu juma lile. Anasema kule kambini wanamwangalia."

"Nani wanamwangalia?"

"We naye! Si utani wake."

Otmar alikuwa chumbani. Amekaa kitandani na koti zito, jasho linamtoka, na nywele zake, yeye aliyekuwa haishi kwenda kwa kinyozi, zimesokotana. Picha zote za ukutani alikuwa amezigeuza. Osmunda alimsalimu, na mdogo wake akamtazama kwa uso usio na kitu, si hasira wala furaha, halafu akayahamisha macho polepole kwenye bomba lililopita juu ya dirisha.

"Unakula lakini?"

"Nakula nikiruhusiwa."

Kutoka uani mama akaangua kicheko. "Unamsikia? Nikiruhusiwa! Kama baba yake mtupu. Yule naye ungemuuliza umelala, anakujibu muulize kitanda."

"Mama, haogi."

"Baridi hii nani anaoga?"

"Na Xaveria? Mchumba wake yuko wapi?"

"Wamegombana. Vijana hao." Bi. Winfrida aliweka ungo chini, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali. "Osmunda, mimi nimekuzaa wewe, nimemzaa na yeye. Usiniletee maneno ya ofisini kwako humu ndani. Mwanangu ni mtani. Hapimwi."

*

Msiba uliofuata ulikuwa Kalenga. Alifariki mzee wa Kihehe, na wenye msiba walimtaka Otmar kwa jina, maana sifa zake zilishafika mbali. Osmunda akaomba ruhusa akaenda naye.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda kama desturi. Otmar alivaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, watoto wa marehemu wakashika mbavu. Jeneza lilipokaribia alitangulia, akaruka ndani ya kaburi, akajinyoosha. Watani ndivyo wafanyavyo. Mwenye msiba hutoa kitu kidogo ili apishe njia, kikombe cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kuku, kisha mtani hupanda juu huku akilalamika kwamba kuku amekonda.

Kuku akaletwa. Ulanzi ukaletwa. Otmar hakutoka.

"Kuku wa pili!" mtu akapiga kelele, na makaburi yote yakacheka. Akaletwa jogoo. Otmar amelala, mikono kifuani, anasema kwa sauti ya chini. Waliokuwa karibu wakawapelekea walio nyuma kila neno, na kila neno likapokelewa kwa shangwe. Mchungaji mwenyewe alikuwa anajifuta machozi.

Osmunda alikuwa Mngoni, na Mngoni msibani kwa Wahehe hana mlango anaozuiwa. Alikunja kitenge, akashuka. Watu wakashangilia, sasa wamekuwa wawili.

Chini kulikuwa na baridi na harufu ya udongo mbichi. Alipiga magoti karibu na kichwa cha mdogo wake.

"Otmar. Inuka, baba."

"Dada," alinong'ona, na macho yake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi yakamwona. Yalikuwa macho ya mtoto aliyepotea sokoni. "Mimi sijatania tangu mvua ziishe. Nawaambia yanayonipata, wanacheka. Nikalia, wakacheka. Nikanyamaza, wakasema leo kabuni utani mpya. Huku chini angalau zile sauti zinapungua. Mbona wewe hucheki?"

Alimkumbatia pale pale kwenye udongo, na juu yao watu walizidi kucheka, wakidhani Wangoni wamehamia na familia.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wahenga walisema, na walijua walichosema, ila hawakutuambia afanyeje mtu ambaye usaha wenyewe umo kwa ndugu yake, na kisu cha kuutumbua kitawachinja na wengine.

*

Chesko alisikiliza habari za kaburini mpaka mwisho bila kumkatisha. Hilo peke yake lilimwogopesha Osmunda. Walikuwa wamekaa nyuma ya kituo, juani.

"Mpeleke kwa daktari kimya kimya," Chesko alisema.

"Hakuna daktari anayefunga fundo bila ripoti ya punje. Na kengele zake zote zimefutwa. Mimi ndiye niliyekuwa nazifuta."

"Dawa za zamani? Vile vidonge?"

"Nimeuliza kila duka. Viwanda viliacha kuvitengeneza fundo lilipokuja. Nani anunue?"

Chesko aliokota kijiti akawa anachora chini. Alikuwa mtu mnene, mwenye mwanya, na midomo isiyotulia hata akiwa amenyamaza. Mkoa mzima ulikuwa unamjua mdomo ule. Harusi isiyo na Chesko watu walisema ni kikao.

"Ukituma ripoti kwamba mtani ni mgonjwa," alisema, "kanuni inaanguka siku hiyo hiyo. Watapima watani wote. Wa kwanza kufungwa fundo nitakuwa mimi, mtani, wala tusidanganyane. Kuna rekodi zangu za miaka humo. Mashine ikizisoma bila msamaha itazimia."

"Najua."

"Mtoto wangu mdogo halali mpaka nimtukane."

"Najua, Chesko."

"Basi usiniulize nishauri nini. Nikikwambia usitume, ninajitetea mwenyewe, na ndugu yako ataoza. Nikikwambia tuma, ninajifanya malaika, na wewe unajua Mhehe hawi malaika, mbawa zitamzuia kupita mlangoni." Alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. "Damu ni yako. Uamuzi ni wako. Mimi nitakuja kazini kesho kama kawaida."

Osmunda alitaka amkasirikie. Ingekuwa rahisi sana kama Chesko angepiga magoti, au angemtishia. Badala yake mwanamume yule alisimama, akajipangusa vumbi, akamwachia nusu ya muhogo wake.

Basi Osmunda hakutuma. Wala hakuamua kutotuma. Alifanya kile ambacho wengi wetu hufanya mbele ya jambo zito, alijipa shughuli. Alikaa na Otmar jioni akimlazimisha aeleze siku yake kwa mpangilio, asubuhi, mchana, jioni, akidhani uzi unaweza kushonwa kwa mkono. Bi. Winfrida akampeleka kwenye maombi, akampeleka na kwa wazee kutambika. Siku nyingine Otmar aliamka akaoga, akaomba chai, akamuuliza mama hali ya mgongo, na nyumba nzima ikajiona imepona. Kesho yake alikuwa ameziba mabomba yote kwa matambara. Na kila kengele yake iliyofika kituoni Osmunda aliifuta, huku Chesko amegeuzia uso dirishani.

Baridi ikaisha hivyo. Jua kali likaja. Siku moja wenzake Otmar wakampigia Osmunda simu kutoka Dabaga, na safari hii hakuna aliyekuwa anacheka. Otmar alikuwa amepanda mlimani akazikata nyavu zote kwa panga ili zisilitaje tena jina lake, akakaa katikati ya marundo yale, na mtu akimsogelea anajiwekea panga shingoni.

Osmunda alituma ripoti kutoka hapo hapo ofisini, huku akilia. Chesko alikuwa meza ya pili. Aliusikia mlio wa ripoti kuondoka, kwa kuwa kila msikilizaji aliujua, akaendelea kula karanga zake. Zilipokwisha akasema, "Mngoni bwana. Hata kuniua mnachelewa."

Hilo lilikuwa tusi la mwisho alilomtukana.

*

Daktari wa Kituo alikuwa kijana, mpole, na Osmunda alimchukia kwa upole wake. Alizigeuza picha za ubongo wa Otmar kwenye kioo, nyuma, mbele, kama anayetafuta upande utakaomfurahisha mteja.

"Fundo linahitaji mahali pa kushika," alisema. "Hapa ungekuwepo uzi, hata mwembamba, tungeufunga. Lakini umekwisha kufumuka mpaka ndani. Tukilazimisha tutamuumiza bure."

"Si bado ni mapema?"

"Mapema ilikuwa kipindi cha baridi, dada yangu. Angeletwa Juni, hata Julai, leo ningekuwa nakupongeza." Akairudia picha ya kwanza. "Kwa nini mashine haikumkamata? Mtu mwenye dalili wazi hivi? Kujitenga, kutolala, uso kupooza, kuona kila kitu kinamsema yeye. Hata bila punje, mtu wa nyumbani angejua."

"Tulijua anachekesha," Osmunda alijibu.

Otmar alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, mikono kwenye mapaja, na mama yao pembeni amemshika koti kama wanaovuka barabara. Bi. Winfrida alimtazama binti yake usoni, akajua, akainama. Hakulaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Osmunda alichuchumaa mbele ya mdogo wake. "Otmar, nisamehe. Nimechelewa."

Ungeweza kuona namna Otmar alivyolitafuta neno mbali, huko lilikokwenda. "Wewe hukucheka," alisema hatimaye. Kisha akasema kuhusu milango na Jumanne, na hakurudi tena siku hiyo, wala siku nyingi zilizofuata.

*

Kanuni ilianguka kama ilivyoandikwa. Gari jeupe lilipita Kilolo, Ifunda, Kalenga, likaita majina. Wapo waliokimbilia porini, wapo waliotoa punje kwa wembe. Wengi walikwenda wenyewe, kwa maana watu wa huku wakiitwa huitika. Misiba ikaendelea, watu hawaachi kufa, lakini sasa watu walizika wakarudi nyumbani.

Chesko alirudi kazini siku ya Jumatatu. Mkurugenzi alikuwa amemhamishia takwimu, kwa kuwa kazi ya kusikiliza utani haikuwepo tena, ila meza hawakumbadilishia. Osmunda alimwona anaingia, shati limechomekwa vizuri, kovu bichi la fundo nyuma ya sikio. Alimsubiri.

"Shikamoo, dada Osmunda," alisema Chesko, aliyemzidi miaka sita. Halafu akajirekebisha. "Samahani. Mimi ni mkubwa. Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Nimesikia hali ya Otmar. Pole sana kwa kuuguliwa. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Mfikishie salamu zangu za pole." Alikaa, akanyoosha kalamu zake zikalingana. Hakuwa na huzuni. Hakuwa na kinyongo. Osmunda alikuwa amejiandaa kwa kinyongo, hata kwa kofi, na hakujua aiweke wapi hii adabu.

Akajaribu. Alisimama katikati ya ofisi, mikono kiunoni, na kwa sauti ya kuvunja paa akamrushia tusi kongwe kuliko yote, lile ambalo Wahehe wametukanwa nalo nchi nzima tangu enzi za mababu, ambalo mtoto wa Kihehe hulijibu kabla hajajua kuvaa viatu.

"We Mhehe! Asubuhi yote hii umekula mbwa wa nani? Jirani yangu anamtafuta Simba wake tangu jana!"

Watu waliinua vichwa. Osmunda alikuwa anatabasamu kwa nguvu mpaka mashavu yakamuuma, anangoja, anamtazama midomo.

Chesko alilifikiria swali kwa makini, kama mtu anayeheshimu kila anachoulizwa.

"Hapana, dada," alisema. "Mimi sijawahi kula mbwa. Asubuhi nimekula chapati mbili na chai." Akaona kwamba mwenzake analia, akavuta kiti chake karibu kidogo, kwa huruma ya kweli. "Huyo mbwa alikuwa na rangi gani? Tunaweza kusaidiana kumtafuta."